Springi Niliyoinyamazia

Harufu ya petroli iliyochanganyika na unga wa muhogo siipendi, na sitaipenda mpaka nazikwa. Wapo watu ambao harufu ya utoto wao ikiwafikia puani hulainika, wakaanza kutabasamu peke yao njiani. Mimi huchukia. Nikipita penye mashine ya kusaga na pembeni mtu anajaza pikipiki yake mafuta kwa chupa, hasira inanipanda kabla sijakumbuka ni ya nini, kisha nakumbuka, na inazidi. Ni harufu ya banda la Baba Mdogo Laurenti, ng'ambo ya barabara kutoka kwetu, katika kijiji cha ujamaa tulichosukumiwa kule Ngara, njia ya Nyakisasa. Mwaka ninaousema ni ule wa vita. Wanajeshi wetu walikuwa wameshavuka mpaka na kuingia Uganda, redio ikasema tumeshinda, tukacheza ngoma siku mbili, na baada ya ngoma tukagundua kwamba sabuni hakuna, chumvi hakuna, na matairi ya baiskeli ndiyo hayapo kabisa. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nina mguu mmoja uliokauka tangu nikiwa wa kutambaa, na nilikuwa darasa la saba.

Tairi la baiskeli ndilo lililoanzisha yote. Shule ya kijijini iliishia darasa la nne; kuanzia la tano tulikwenda shule kubwa iliyokuwa maili sita, na katikati kuna milima miwili ambayo hata mwenye miguu yake yote miwili aliipanda akilaani. Baba alinipeleka kwa baiskeli kila asubuhi kwa miaka miwili. Tairi la nyuma lilipochanika alilishona kwa waya, likachanika tena, mwishowe akawa anajaza majani makavu ndani badala ya tyubu, tunakwenda tukirushwarushwa mpaka meno yanagongana. Siku rimu ilipopasuka aliitelekeza baiskeli kichakani, akanibeba mgongoni mpaka nyumbani, akarudi kuichukua, akaiegemeza ukutani na kuniambia, "Generoza, mama, basi." Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Alisema nisome nyumbani kwa madaftari ya wenzangu, jina langu hatalikata, ila siku mbili za mtihani niwe nimekaa kwenye dawati langu. Nisipoonekana, nimekwisha. Na mimi nilijua maana ya kwisha. Jembe siliwezi mlimani. Mchumba hatakuja, hilo shangazi zangu walishaniambia mbele ya watu, huku wanacheka. Kilichobaki kwangu kilikuwa kalamu, na kalamu ilikuwa maili sita.

Utauliza, kijiji kizima hakikuwa na watu wa kunibeba? Walikuwapo tele. Kwetu mgonjwa hubebwa kwa machela ya miti na kamba, ile tunayoiita ingobyi. Vijana wanne wanabeba, wanne wanapokezana, na maili sita kwao ni mazungumzo tu. Lakini wabebaji huitwa na balozi wa nyumba kumi, akiombwa na mwenye nyumba mwenyewe, na balozi wetu alikuwa Baba Mdogo Laurenti, mdogo wake Baba, tumbo moja, ziwa moja. Na Baba alikuwa hasemi na Baba Mdogo. Sisemi kwamba walinuniana. Walikuwa hawasemi kabisa, hata neno moja, huo ukiwa mwaka wa tano.

Zamani tuliishi juu huko upande wa Kibimba, kila mtu ndani ya migomba yake, jirani unamsikia tu akikohoa. Amri ya kuhamia vijijini ilipokuja Baba alikataa. Alisema migomba haihami. Siku ya kuhamishwa wakaja mgambo, na mbele yao akiwaonyesha njia alikuwa balozi mpya, Baba Mdogo Laurenti, na mkono wa kwanza kugusa nyumba yetu ulikuwa wake: aliung'oa mlango. Mwenyewe alishikilia siku zote kwamba asingeung'oa yeye, mgambo wangeichoma nyumba pamoja na mlango, na kwamba aliubeba mlango ule kichwani mpaka kijijini ili tuutumie huko. Ni kweli aliubeba. Baba hakuutumia. Aliuegemeza ukutani kwa nje, sisi tukalala tumefunga mlango wa matete, baridi inatupiga, ili Baba apate kuuonyesha ule wa mbao kila mgeni aliyekuja. Uliozea pale pale. Na mtu aliyepima viwanja kwa kamba, Mungu amsamehe maana mimi sijamsamehe, hakuuliza nani anasema na nani. Alizipanga nyumba kwa mstari, hii huku na hii kule, mlango wa Baba ukatazamana na mlango wa Baba Mdogo, barabara ya udongo katikati.

Basi mjumbe nikawa mimi. Kwa nini mimi? Kwa sababu ya mguu nilikuwa nimekaa mlangoni kila saa, kama stuli. Baba Mdogo anasimama upande wake, Baba yuko hapa ananoa panga, na kati yao hakuna hata hatua kumi. "Generoza, mwambie baba yako mbuzi wake wako kwenye muhogo wangu." Baba amesikia, masikio anayo, lakini anaendelea kunoa kana kwamba ni upepo tu umepita. Ananingoja. Naanza, "Baba, Baba Mdogo anasema mbuzi..." Hapo ndipo anaposhtuka, "Ati mbuzi?" na kutoa jibu lake, ambalo nalo yule wa pili halisikii mpaka nimelirudia. Watu wazima hao! Wana ndevu, wana wake, Jumapili wanapokea komunyo mstari mmoja. Nilikuwa nawachukia wote wawili kwa usawa, na naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Ng'ambo huko walikuwa na injini, kwetu tulikuwa na kigari. Kigari kile kilitoka kambi ya wazungu waliojenga barabara miaka ya nyuma, Baba akiwa mlinzi wao. Injinia mmoja alimtengenezea mwanawe kigari cha kuchezea: fremu ya mabomba ya chuma, magurudumu manne madogo ya mpira, usukani wa duara, kiti cha bati. Kambi ilipovunjwa injini ilikuwa imeshakufa, wakaing'oa, wakampa Baba mifupa iliyobaki kama zawadi ya kuagana. Kuku walitagia ndani yake miaka yote hiyo. Injini ya Baba Mdogo nayo ilikuwa ya mashine ya kuvutia maji kwenye kitalu cha kahawa cha kijiji. Sehemu ya kuvuta maji ilipasuka, injini yenyewe nzima, kamati ikampa yeye aihifadhi kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiendesha mashine ya kusaga. Petroli ya kitalu ilibaki pia, robo tatu ya debe, imefichwa chini ya magunia kwenye banda lake. Kwa hiyo chuma kiko huku, injini iko kule, na mtihani unakuja, umebaki mwezi na kitu.

Mama ndiye aliyechoka kwanza. Asubuhi moja alimwambia Baba, mbele yangu na mbele ya majirani waliokuwa wanapita kwenda shamba la kijiji, "Mwanangu hatakosa mtihani kwa sababu ya mlango. Nasema hatakosa. Ukitaka kunipiga, nipige nikirudi." Akavuka barabara. Sijui alimwambia nini shemeji yake, maana alikaa huko muda mrefu na alirudi macho mekundu, lakini jioni Baba Mdogo alisimama upande wake akapaza sauti: "Generoza! Mwambie baba yako injini ninayo, na naitoa kwa ajili yako wewe, si kwa ajili yake. Mwambie aniletee hicho kiota chake cha kuku." Niliruka moyoni. Nikageuka kwa Baba, nikasema, "Baba, Baba Mdogo anasema injini anayo na anaitoa. Anaomba kigari." Neno anaomba lilikuwa langu. Kiota cha kuku nilikimeza. Ndiyo siku niliyoanza kuchuja maneno, na niliona nina akili sana.

Kazi yao ilikuwa kituko, na kama si mimi niliyekuwa katikati ningecheka. Kila mmoja alikuwa na kiapo chake. Baba alisema hatagusa injini, ni mali ya balozi. Baba Mdogo alisema hatagusa kitu chochote cha Baba, asije akaambiwa amekibomoa na hicho. Mpaka ukawekwa kwenye kabureta, pale mafuta yanapoingilia kwenye injini: kutoka kabureta kwenda kwenye injini, puli na mkanda, ni kazi ya Baba Mdogo, kutoka kabureta kuja kwenye kanyagio la mafuta, breki na usukani, ni kazi ya Baba. Mmoja akimaliza anaondoka kabisa bandani, ndipo mwingine anaingia. Mimi nimeketi juu ya gunia la muhogo, vumbi jeupe kichwani, daftari mapajani, nahamisha maneno. Baba Mdogo aliifunga injini nyuma ya kiti kwa bolti nne, akakata mkanda mkuukuu wa mashine ya kusaga ukazunguka kutoka puli ya injini hadi ekseli, akaweka na wenzo wa mbao: ukiusukuma mkanda unakaza na kigari kinakwenda, ukiuachia unalegea. Baba naye aliung'oa waya wa breki kwenye baiskeli yake iliyokufa, akaupitisha kwenye bomba la fremu hadi kwenye kipande cha ubao wa mninga alichokifanya kanyagio. Nilimwona akiuchomoa waya ule kutoka kwenye baiskeli. Aliufuta kwa kitambaa muda mrefu kuliko ulivyohitaji.

Katikati ya kazi niliwahi kukosea, nikapeleka tusi zima kama lilivyo. Baba Mdogo alisema, "Mwambie kwamba hata nati hajui kuifunga, ndiyo maana alingoja kung'olewa mlango." Nilikuwa nimechoka, nikalimwaga lote. Baba aliweka spana chini akaenda zake, akakaa siku nne bila kuugusa ubao wake. Siku nne! Nilizihesabu kwa vidole huku nalia kwa hasira, kwa maana siku za mtihani hazikuwa zinangoja mtu. Mama akamsihi, akarudi. Kuanzia hapo niliapa kwamba halitapita tena tusi kinywani mwangu. Nikawa nasikiliza kila neno kutoka upande wowote, nasikia lina mwiba, nautoa mwiba, napeleka kilichobaki. Mara nyingine hakikubaki kitu, nikabuni.

Sasa nieleze ya springi, maana ndiyo yenyewe. Injini ya kuvutia maji imetengenezwa ikae mahali pamoja na ikimbie mwendo mmoja. Ina kidude kinachoizuia isizidishe, mafundi wanakiita gavana. Kwenye kabureta kuna springi ndogo, nyembamba, urefu wa kidole, ambayo kazi yake ni kufungua mafuta, na gavana kazi yake ni kuirudisha springi hiyo isifungue kupita kiasi. Zinavutana, injini inatulia. Baba Mdogo aliona gavana itamsumbua kigari kikipanda mlima, akaing'oa. Hapo springi ikabaki peke yake, haina wa kuizuia. Dawa yake ni rahisi, mtoto angeweza: unaihamisha springi upande wa pili, ili badala ya kufungua ifunge, na mguu ukitoka kwenye kanyagio injini ishuke. Lakini springi ilikuwa upande wa Baba wa mpaka. Asubuhi ile Baba alikuwa zamu ya shamba la kijiji, hayupo hata wa kujifanya hasikii. Baba Mdogo akaniita, mikono imejaa grisi.

"Generoza, sikiliza. Mwambie huyo mzee wa migomba, aliyetaka kuwaunguza watoto wake ndani kwa ubishi, kwamba gavana nimeitoa. Ile springi sasa inafungua tu. Aihamishie upande wa pili ndipo afunge waya wake. Na kama hajui upande wa pili ni upi, akawaulize kuku wake."

Nilisema, "Ndiyo, Baba Mdogo." Nilikuwa na hesabu za vipeo mapajani na kichwa kinaniuma. Springi nilikuwa siijui ni nini. Kwangu lilikuwa neno moja lililobanwa katikati ya matusi mawili, na mbele ya macho yangu niliziona siku nne nyingine zikipotea. Baba aliporudi mchana akauliza amesemaje, nilisema, "Anasema upande wake amemaliza. Ufunge waya." Tu. Baba akafunga waya. Springi ikabaki ilipokuwa. Naweza kujitetea kwamba nilisahau, na kwa miaka mingi nilijitetea hivyo. Sikusahau. Niliamua haina maana.

Walikijaribu alasiri ya Jumamosi, siku tisa kabla ya mtihani. Kijiji kizima kilitoka. Baba alikaa kwenye kiti cha bati, magoti yamefika kidevuni, maana chombo kilikuwa cha mtoto. Mimi ningekaa nyuma yake kwenye ubao siku ikifika. Baba Mdogo akazungusha kamba ya kuwashia, akavuta mara mbili, mara ya tatu injini ikawaka. Haikunguruma, ilipiga yowe. Kuku walikimbia, watoto wakaziba masikio. Baba Mdogo akageuza kichwa kwangu, niliyekuwa nimekalia kigoda kando ya barabara, akaita, "Mwambie aachie mguu!" Nikaita, "Baba, achia mguu!" Baba akajibu bila kumtazama mdogo wake, "Mwambie sijakanyaga kitu!" Watu wakacheka. Na Baba kitu asichokiweza duniani ni kuchekwa mbele ya Baba Mdogo. Akausukuma wenzo.

Kigari kiliruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Watu wakapiga makofi, wanawake vigelegele, mimi mwenyewe nilipiga kelele za furaha, nilijiona nimeshaketi kwenye dawati langu. Halafu nikaona Baba anakanyaga na kuachia, anakanyaga na kuachia, na sauti ya injini ni ile ile, breki nayo haikizuii. Akauvuta wenzo urudi, nao ukavunjika, akabaki na kipande cha mti mkononi. Mbele barabara inateremka hadi mtoni, kwenye daraja la magogo. Baba akakata usukani, kigari kikapanda mwinuko wa uwanja wa ofisi ya kijiji, na mwinuko ule ndio uliokipunguza mwendo kidogo. Baba Mdogo alikuwa ameshaanza kukimbia. Alikipata. Alikuwa anakimbia ubavuni mwa Baba, angenyoosha mkono angemshika bega, na huku anakimbia aligeuza shingo nyuma, kwangu, mimi niliyekuwa mbali kule kwenye kigoda nisiyeweza kukimbia, akapaza sauti: "Mwambie ang'oe waya wa plagi! Generoza! Mwambie ang'oe waya!"

Niliita. Niliita mpaka koo likaniwaka. Baba angenisikiaje?

Ndipo Baba Mdogo alipopeleka mkono wake mwenyewe kwenye plagi. Waya aliung'oa, injini ikakata, lakini mkono ulikuwa umepita karibu mno na mkanda. Vidole vitatu vya mkono wa kulia. Kigari kikapinduka kwenye mtaro, Baba chini yake, mfupa wa bega umevunjika. Nilitambaa. Watu walinipita wakikimbia, hakuna aliyeniokota, nikafika nina vumbi mpaka mdomoni. Baba Mdogo alikuwa ameketi chini, wamemfunga mkono kwa kitenge cha mkewe, uso wa kijivu. Aliponiona aliuliza polepole, "Ulimwambia ya springi?" Na mimi nikamtazama machoni nikasema, "Nilimwambia." Baba alikuwa amelazwa ng'ambo ya mtaro, kelele za watu katikati yao, akigumia kwa maumivu. Akaniita. "Huyu alikuambia uniambie kitu chochote?" Nikasema, "Hakusema kitu, Baba."

Niliwaza mtihani. Ningesema kweli, Baba angenipiga marufuku kutoka nje ya ua, na nani angemlaumu? Kwa hiyo nilidanganya mara mbili kwa pumzi moja, na kila mmoja akaondoka pale na uhakika wake: Baba Mdogo kwamba kaka yake aliiacha springi makusudi ili amtie aibu mbele ya kijiji, Baba kwamba mdogo wake aling'oa gavana ili amuue. Machela ilikuja, ile ile ya vijana wanane. Ilimbeba Baba Mdogo hospitali ya misheni, ikarudi ikambeba Baba.

Mtihani niliufanya. Mama alinifunga mgongoni kwa kanga mbili, mimi msichana mkubwa miguu inaning'inia, akatembea maili sita kutwa nzima akipumzika kila penye kivuli, tukalala kwa katekista karibu na shule, na siku ya pili yake nilikuwa kwenye dawati. Nilifaulu. Nikachaguliwa shule ya bweni, nikasomea ualimu, nikafundisha Biharamulo miaka thelathini na zaidi. Kigari Baba alikitupa kwenye shimo la choo kilichokuwa kinachimbwa. Baba Mdogo alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, akaacha ubalozi. Hawakusemezana tena, hata kupitia kwangu. Nilipokuja likizo nilikaa mlangoni pale na hakuna aliyenituma neno.

Siku hizi barabara ile ina lami. Nilipohamia tena nyumbani baada ya kustaafu nilisimama ng'ambo hii kwa mkongojo wangu nikatazama watoto wa darasa la saba wakipakiwa bodaboda, watatu kwa mpigo, wakafika shule kubwa kabla chai yangu haijapoa. Mlemavu ana kiti cha magurudumu, anayeweza kukipata. Kijiji kina simu kila mfuko, mtu akitaka kumwambia nduguye neno halazimiki kumtafuta mtoto. Nasikia wakisema zamani tulipendana zaidi, tulilima pamoja, tulikula pamoja. Nani? Wapi? Tulipangwa mstari mmoja na kuambiwa sisi ni ndugu, na wawili waliokuwa ndugu kweli waliishi wakitazamana milango mpaka wakazeeka. Barabara sasa ni nzuri kuliko watu waliokaa kando yake zamani, ndivyo ninavyoona mimi.

Baba nilimwambia. Alikuwa mzee lakini mzima, tumekaa nje yeye na mimi, ng'ambo ya lami Baba Mdogo anaota jua. Nilimweleza yote, springi, kuku, gavana, uongo wangu wa mara mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hilo umekaa nalo mwenyewe siku zote. Endelea kukaa nalo." Akaomba maji ya kunywa. Aliishi miaka mitatu mingine, hakulitaja tena, nami sikulitaja.

Baada ya arobaini yake nilivuka barabara. Nilimwamkia Baba Mdogo, "Shikamoo," akaitika, "Marahaba, mwanangu," nikakaa chini kwenye mkeka nikamwambia yale yale, na safari hii nililia. Kile kiganja chake chenye vidole viwili kilikuwa kimekaa gotini. Hakunikemea. Alisema tu nilikuwa mtoto. Halafu akauliza, "Kaka alijua haya?"

"Alijua, Baba Mdogo. Nilimwambia."

"Lini?"

"Miaka mitatu kabla hajafa."

Akatazama ng'ambo, kwenye mlango wetu. "Miguu ilikuwa imeshamshinda?"

Ningeweza kusema ndiyo. Uongo mmoja zaidi, mdogo, na ungemfaa mzee yule kuliko wote nilioupeleka nikiwa mtoto. Ulinifika mdomoni.

"Hapana," nilisema. "Alikuwa anakwenda kanisani kwa miguu kila Jumapili."